Kikohozi cha Namba Tatu

Saa nne kasorobo asubuhi, Inspekta Kwanini alishuka kwenye gari la polisi mbele ya geti la hospitali, na kabla hajafunga mlango alikuwa ameshauliza swali lake la kwanza. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mahabusu mmoja aliyechoka kuhojiwa, kituo kizima kikalipenda, na mwenyewe akakata tamaa ya kulikataa.

"Dada, nani ameingia sasa hivi?"

Mlinzi wa geti, mama mwenye kofia iliyomzidi kichwa, akacheka. "Bosi wa magari, afande. Siku hizi wala simsikii akija. Zamani gari lake lilikuwa linakohoa kuanzia kule kwenye kona, nafungua geti bila hata kuinua uso. Sasa ananyata kama paka. Jana nusura anikanyage mguu."

"Limepona lini?"

"Jumapili ya wiki iliyopita, kama sikosei. Aliingia akikohoa, akatoka kimya. Nikasema alhamdulillah, masikio yangu yatapumzika."

Inspekta akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Koplo, aliyembebea kamera na mkoba wa vielelezo, akaitazama saa yake kwa makusudi ili mkubwa wake aone.

Walikuwa na saa nne na robo tu. Saa nane kamili mchana, dereva wa ambulansi ya hospitali hiyo, ambaye kila mtu alimwita Taratibu, angesimamishwa mahakamani kwa kuiba petroli, kujazia mafuta ya taa kwenye tangi na kuhatarisha maisha ya mgonjwa. Siku tatu nyuma gari lake lilikata roho katikati ya mlima, nyuma yake kukiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mama akajifungulia hapo hapo juu ya machela, muuguzi akiwa amepiga magoti sakafuni. Mama alinusurika. Mtoto alikuwa bado kwenye oksijeni, na daktari hakutaka kuahidi chochote. Mji mzima ulikuwa na hasira, na Taratibu aliyekuwa rumande alikuwa na neno moja tu la kujitetea: gari lilikuwa linamisi, yaani injini inakosa moto, na alishasema.

Ofisi ya bosi wa magari iling'aa. Ukutani zilitundikwa bisibisi kumi na mbili, kutoka ndogo upande wa kushoto hadi kubwa upande wa kulia, kila moja kwenye msumari wake.

"Za kwangu binafsi," alisema bosi kwa fahari, alipoona Inspekta anazitazama. "Mimi sipelekeshwi na mafundi, afande. Natazama kwenye simu, najitengenezea mwenyewe. Pasi, redio, pampu ya maji, chochote."

"Na magari ya hospitali?"

"Aa, hayo yana utaratibu. Boneti haifunguliwi bila karatasi yenye sahihi yangu." Akasogeza mezani dumu dogo. "Hili hapa lilikutwa nyuma ya kiti cha Taratibu. Nusa mwenyewe. Mafuta ya taa. Unataka ushahidi gani zaidi?"

"Yeye anasema ni ya kusafishia magurudumu ya machela."

"Angesema ni maji ya kunywa kama ungemwacha."

"Aliwahi kukuambia gari linamisi?"

Bosi akashusha pumzi. "Siku tisa mfululizo, kila asubuhi. Nikajua anajitengenezea kisingizio."

"Kwa nini hukutoa karatasi fundi afungue?"

"Kwa sababu ugonjwa niliujua. Mafuta."

"Ulijuaje bila kupima?"

"Uzoefu, afande." Akatabasamu, kisha akainama karibu na kusema kwa sauti ya siri. "Na huyo fundi unayemwendea, mjue vizuri. Taratibu amemuoa dada yake. Ni shemeji mtu. Atakuimbia wimbo wowote unaoutaka."

Inspekta akashukuru, akalichukua dumu, akatoka. Hilo la ushemeji lilimkera kwa sababu lilikuwa kweli. Chochote ambacho fundi angesema, wakili wa kwanza tu angekipangusa kama vumbi. Ilibidi gari liseme lenyewe.

Gereji ilikuwa banda la mabati nyuma ya chumba cha kufulia mashuka. Fundi alikuwa mzee mwembamba, mwenye bisibisi ndefu iliyochomekwa kwenye mfuko wa kifua. Watu walimwita Sikio. Huweka ncha ya bisibisi hiyo kwenye injini na mpini kwenye sikio, na kutoka hapo akakuambia gari lina shida gani na mwenye gari ana tabia gani.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba. Umekuja kumfunga shemeji yangu au kumfungua?"

"Nimekuja kuuliza. Utafanya ninachokuambia, hutaongeza, hutapunguza. Koplo atapiga picha kila hatua. Tuanze na mafuta."

Walichota petroli kidogo kutoka kwenye tangi la ambulansi, wakaimimina kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie. Haikujitenga na kuacha maji chini. Kisha Inspekta akadondosha tone moja la petroli ile kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake tone kutoka kwenye lile dumu la mafuta ya taa. Wakasubiri. Tone la dumu likaacha doa la mafuta lililokataa kukauka. La tangi likapotea, karatasi ikabaki safi kama ilivyotoka kiwandani.

"Hakuna mafuta ya taa humu," Koplo akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akasahau kutazama saa.

"Na hata yangekuwemo," alisema Sikio, "mafuta mabaya hayabagui. Silinda zote nne zinakunywa tangi moja. Zingeumwa zote."

"Nilisema usiongeze, mzee. Washa."

Sikio akakiinua kiti cha dereva, maana injini ya ambulansi ile ilikuwa chini ya viti vya mbele. Akawasha. Gari likatetemeka kama mtu mwenye homa. Tu-tu-pf-tu. Tu-tu-pf-tu. Mashine ya kupimia ilipochomekwa chini ya usukani, ikaandika kwamba silinda ya tatu inakosa moto.

"Ya tatu pekee?" Inspekta aliuliza.

"Pekee."

"Inaweza kuwa nini?"

"Plagi inayotoa cheche, koili inayoipa umeme, au nozeli." Sikio akamwonyesha vibomba vinne vidogo vilivyojipanga kwenye bomba la mafuta, kila kimoja kinanyunyizia petroli kwenye silinda yake. "Basi tunahamisha. Plagi na koili ya tatu inakwenda ya kwanza, ya kwanza inakuja ya tatu. Ugonjwa ukihama nazo, tumemkamata mwizi."

Wakahamisha. Wakawasha. Tu-tu-pf-tu. Mashine ikasema vile vile: ya tatu.

Hakuna kitu Inspekta alichokipenda duniani kama kuona milango inafungwa mmoja mmoja mpaka ubaki mmoja. "Nozeli sasa. Chomoa waya zake, moja baada ya nyingine."

Sikio akachomoa waya wa nozeli ya kwanza, injini ikayumba. Akaurudisha. Wa pili, ikayumba. Wa nne, nusura izime. Akachomoa wa tatu. Injini haikubadilika hata chembe. Iliendelea na kikohozi chake kana kwamba hakuna aliyegusa kitu.

"Hiyo haifanyi kazi kabisa," alinong'ona Koplo.

Sikio akaweka bisibisi yake kwenye nozeli hiyo, kisha akampa Inspekta mpini. "Sikiliza mwenyewe, usije ukasema shemeji amesema."

Akainama, akasikiliza. Ya kwanza iligonga ti-ti-ti-ti kama cherehani. Ya pili hivyo hivyo, na ya nne. Ya tatu ilikuwa na mlio mzito, uliofifia, kama mtu anayebisha hodi akiwa amevaa glavu.

"Itoe," akasema. "Zitoe zote nne."

Wakazitoa pamoja na bomba lake, wakalilaza kando ya injini, likiwa bado limeunganishwa na mpira wa mafuta na waya zake, kila nozeli ikaingizwa kwenye mdomo wa chupa. Sikio akazungusha injini kwa ufunguo. Ya kwanza, ya pili na ya nne zikatoa ukungu mwembamba. Ya tatu ikadondosha tone, ikanyamaza, ikadondosha tone jingine. Ilikuwa kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Piga picha," Inspekta alisema, lakini Koplo alikuwa ameshapiga sita.

Sikio hakuwa akisherehekea. Alikuwa ameichomoa ile nozeli mbovu, anaizungusha kwenye vidole vyake.

"Umeona nini, mzee?"

Akaipeleka kwenye mwanga. Kiunoni mwa nozeli, mahali panapojificha ikishakaa kwenye shimo lake, kulikuwa na vitone viwili vyekundu.

"Mimi ninazitia alama kila ninapoziosha, zisichanganyike," alisema taratibu. "Kitone kimoja ya kwanza, viwili ya pili, vitatu ya tatu, vinne ya nne. Hizi niliziosha mwezi uliopita."

Inspekta akazichomoa zile nyingine mwenyewe. Ya kwanza, kitone kimoja. Ya pili, vitone viwili. Ya nne, vinne. Akazipanga juu ya kitambaa: moja, mbili, mbili, nne.

"Kuna mbili namba mbili," alisema Koplo, "na namba tatu haipo."

Koplo alikuwa ameshaufikia mfuko wa vifaa wa Sikio. Akainua juu kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ile ile. "Afande! Na hiki cha nani?"

"Cha mke wangu," alisema Sikio. "Tangu alipoanza kuvinunua viwili viwili, kimoja cha kucha na kimoja cha nozeli, tumepatana."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayezigusa," Koplo akakaza sauti. "Alama zako, rangi yako, gereji yako. Umembadilishia nozeli shemeji yako, au mmebadilisha pamoja!"

Mzee akamgeukia Inspekta. Ushahidi wote mezani ulikuwa na sahihi yake. Kama asubuhi hii ingeishia hapo, saa nane mahakamani wangesimama mashemeji wawili badala ya mmoja.

Inspekta alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva, anaitazama injini.

"Mzee, mafundi huhesabu silinda kutoka wapi?"

"Kutoka upande wa mkanda. Siku zote. Hata aliyeanza kazi juzi anajua."

"Hapa mkanda uko wapi?"

"Mbele ya gari. Ukisimama hapo ulipo, ni mkono wako wa kulia."

"Kwa hiyo namba moja ni hii ya mwisho kulia. Tuseme sasa mimi si fundi. Nimesimama hapa, nahesabu kama ninavyosoma gazeti, kushoto kwenda kulia. Moja. Mbili." Kidole chake kikasimama juu ya tundu. "Hili ni la ngapi?"

Sikio akatoa macho. "La tatu."

"Ndiyo! Mtu ameambiwa nozeli yake namba mbili ni mbovu. Amekuja hapa kuchukua namba mbili nzima na kuacha mbovu mahali pake, kwa uangalifu kabisa, asikosee. Na akakosea, kwa sababu hajui mahali pa kuanzia kuhesabu. Wewe ungeweka namba mbili kwenye tundu la pili, na leo tusingejua chochote." Akamgeukia Koplo. "Huyu mzee hawezi kufanya kosa hilo hata akiwa usingizini. Mrudishie mke wake rangi yake."

Koplo akakirudisha kichupa kwenye mfuko kwa adabu.

"Gari gani jingine hapa lina injini kama hii?"

Sikio akafungua mdomo.

"Usiseme," alisema Inspekta. "Wewe ni shemeji mtu, sitaki neno lako. Ngoja niseme mimi, kisha uitikie kwa kichwa. Lilikuwa likikohoa mpaka mlinzi wa geti analitambua kutoka kwenye kona. Uliziosha nozeli zake, ukamwambia mwenyewe namba mbili imekufa, anunue mpya. Hakununua. Jumapili ya wiki iliyopita liliingia hapa likikohoa, likatoka kimya. Na mwenyewe haombi mtu karatasi ya kufungulia boneti, kwa sababu karatasi anazisaini yeye."

Kichwa cha Sikio kikashuka na kupanda, mara moja.

Saa saba kasoro dakika kumi walikuwa kwenye maegesho, wamelizunguka gari la bosi wa magari. Lilikuwa safi, limepigwa rangi ya viatu mpaka kwenye matairi. Bosi alikuja mbio, tai ikimpepea begani.

"Hamna haki! Hili ni gari langu binafsi!"

"Hati ya upekuzi, hii hapa," alisema Inspekta. "Imesainiwa nusu saa iliyopita. Umewahi kubadilisha nozeli za gari hili?"

"Sijawahi kuzigusa."

"Koplo, andika. Hajawahi kuzigusa. Fungua, tafadhali."

Katika gari hili injini ililala kwa upana, na ukisimama mbele ya boneti mkanda ulikuwa mkono wa kushoto. Hapa kuhesabu kwa fundi na kuhesabu kwa msoma gazeti kulikuwa kitu kimoja. Fundi wa polisi, aliyeitwa ili Sikio asiguse hata nati, akalegeza bomba la mafuta. Mlinzi alikuwa ameacha geti lake na kuja kutazama. Wauguzi wawili walisimama dirishani.

Nozeli ya kwanza: kitone kimoja.

Inspekta akajikuta anashika ukingo wa boneti kwa mikono miwili. Fundi wa polisi akachomoa ya pili, akaipangusa kwa kidole gumba na kuipandisha juani.

Vitone vitatu vyekundu.

"Namba tatu!" Koplo akapaza sauti kama ameona mpira umeingia golini, kisha akakumbuka kazi yake na kupiga picha.

Bosi wa magari alikuwa amelowa kijasho chembamba. "Hizo alama... mimi nilidhani ni za kiwandani."

"Si umesema hujawahi kuzigusa? Kwa nini basi unajua zilikuwepo?"

Bosi akakaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, tai ikiwa bado begani. "Nilikuwa naazima tu," alisema. "Wiki moja, mbili. Ambulansi haitoki kila siku. Ningeirudisha."

"Siku tisa alikuja kukuambia."

"Ningeirudisha, afande."

"Na baada ya mlima? Ulipoona mtoto yule anabebwa?"

Bosi akaivuta tai kutoka begani, na Inspekta, aliyekuwa na maswali mengine saba kwenye daftari, akaona hana haja nayo. Alimchukia mtu huyu waziwazi, na hakujisumbua kuficha.

Lilibaki jaribio moja, na alitaka lifanyike mbele ya macho yote yale. Nozeli yenye vitone vitatu ikarudishwa kwenye ambulansi, iliyokuwa imesukumwa mpaka hapo maegesho, kwenye tundu lake la tatu. Fundi wa polisi akawasha. Injini ikanguruma laini, moja kwa moja, hakuna kikohozi. Muuguzi mmoja dirishani akapiga makofi. Kisha ile mbovu yenye vitone viwili ikarudi ilikotoka, kwenye gari la bosi, tundu la pili.

Tu-pf-tu-tu. Tu-pf-tu-tu.

"Karibu tena," mlinzi akaliambia gari, na bila kuambiwa akakimbia kufungua geti.

Gari lenyewe lilikuwa kielelezo, ikabidi liende kituoni. Koplo akashika usukani, bosi akaketi nyuma na pingu, Inspekta pembeni yake. Walipanda mlima ule ule wa siku tatu nyuma, gari likijikwaa kila gia. Saa nane kasoro dakika kumi na mbili wakaingia kwenye uwanja wa kituo.

Taratibu alikuwa amesimama uwanjani na mikono mbele, pingu zinametameta, akisubiri kupakiwa kwenda mahakamani. Hakuwa akitazama chochote. Gari lilipokata kona na kukohoa, kichwa chake kikainuka ghafla.

"Hicho!" alipiga kelele. "Afande, hicho hapo! Sikilizeni! Hicho ndicho nilichokuwa nawaambia!" Askari akamshika bega, akamponyoka, akasogea hatua mbili kuelekea kwenye gari bila hata kutazama ni la nani, machozi yakimtoka. "Siku tisa nilimwambia bosi, siku tisa! Muulizeni bosi!"

Koplo akazima injini. Mlango wa nyuma ukafunguka, na bosi wa magari akashuka, mikono mbele, pingu zake zikimetameta vile vile.

Taratibu akamtazama. Akatazama pingu zile. Polepole akaelewa, na askari aliyekuwa akimzuia akarudi nyuma.

Inspekta akatoa ufunguo mwenyewe, hakumngojea mtu. "Imekwisha, baba. Unakwenda nyumbani."

Pingu zikafunguka. Taratibu hakusugua mikono yake kama wanavyofanya wengine. Alimshika Inspekta kiwiko.

"Mtoto je?"

"Nimepiga simu wodini tulipokuwa njiani. Bado yuko kwenye oksijeni. Ila leo amelia, kwa sauti. Wamemsikia mpaka wodi ya pili."

Dereva akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Na ambulansi?"

"Imepona. Iko kwenye banda, shemeji yako anaiosha."

"Basi nipelekeni hospitali kwanza, nyumbani baadaye," alisema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. Akalitazama gari la bosi. "Lakini si kwa hili."

Wakampeleka kwa gari la polisi.